Tangazo la Sita

Katibu wa msikiti wa kijijini ana kazi moja ambayo haikuandikwa katika katiba ya msikiti wowote tuujuao, nayo ndiyo watu wanayomjulia. Mihutasari ya vikao hawaisomi. Hesabu za michango huzisikiliza huku wakitazama saa. Lakini kila Ijumaa, imamu akishatoa salamu na watu wakamaliza nyuradi zao, katibu husimama karibu na mimbari na karatasi mkononi akasoma matangazo. Kwa miaka sita sasa kazi hiyo iko mikononi mwetu. Tumewatangazia waumini misiba na maziko, ndoa na akika, siku za kufyeka makaburi, watoto waliohitimu juzuu, vijana waliochaguliwa kwenda kidato cha tano, na kufika kwa chanjo ya watoto katika zahanati.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Februari mwaka huu tulisimama na karatasi yenye matangazo sita. Tukasoma matano.

La sita tulikuwa tumeliandika kwa mkono wetu wenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, nalo lilihusu nyumba yetu. Lilisema kwamba Mama Nasra wa kitongoji cha juu amefaulu mtihani wa kidato cha nne kwa daraja la tatu, akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na kwamba waumini wanaombwa wamwombee dua. Maneno machache tu. Tuliyatazama, tukayaruka, tukasema wabillahi tawfiq, tukaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa kanzu. Tunayaandika haya leo kwa sababu mwenye haki ya kutusamehe ameshatusamehe, na ametupa ruhusa ya kuyaeleza, kwa sharti kwamba tusijipambe.

Kijiji chetu kipo juu ya uwanda wa Makonde, wilayani Newala, mkoani Mtwara. Aliyepata kufika huko hakosi kukumbuka mambo mawili, korosho na shida ya maji. Mvua ikinyesha, maji huzama mchangani, na mito iko mbali chini bondeni. Bibi zetu waliteremka na mitungi usiku wa manane, wakapanda mlima na kufika nyumbani jua likiwa limeshawaka. Siku hizi yapo maji ya bomba yanayosukumwa kutoka Mitema, yanapokuja. Yasipokuja, mwenye nyumba ya bati huteka katika kisima cha saruji alichochimba uani ili kukinga mvua, na asiye na kisima hununua kwa dumu.

Mwaka wetu tunauhesabu kwa mkorosho kuliko kwa kalenda. Kuanzia Mei watu hufyeka chini ya mikorosho na kuulizia salfa. Juni hadi Agosti ni kupuliza, alfajiri kabla upepo haujaamka, nyuso zimefungwa vitambaa. Oktoba korosho huanza kuanguka, na toka hapo mpaka Desemba hakuna mtu mwenye siku yake. Zinaokotwa, zinatenganishwa na mabibo, zinaanikwa, zinachambuliwa, zinapelekwa chama cha msingi, kisha zinasubiri mnada. Mtihani wa kidato cha nne nao hufanyika Novemba. Aliyepanga ratiba hiyo bila shaka hakuwa na mkorosho.

Tulipomposa Mama Nasra tulikuwa na miezi michache tangu kutoka chuoni, tukiwa na kanzu mbili na maneno mengi. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliiacha akiwa kidato cha pili. Hakufukuzwa, wala hakuwa mzito wa masomo. Mama yake alipata kiharusi, na binti mkubwa wa nyumba alikuwa ni yeye. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa ya mpwa wake. Mjomba huyo, mzee wa maneno machache, alisikiliza hotuba yetu ndefu mpaka mwisho, kisha akauliza mbele ya mashahidi, "Mtoto huyu alikuwa anapenda shule. Mkishatulia, utamrudisha?"

"Inshaallah, mjomba," tukajibu.

"Basi mimi sharti langu ni hilo. Mahari muulizeni mwenyewe."

Fiqhi ya ndoa tumeisoma. Tunajua uzito wa sharti ambalo mtu amelikubali ili ahalalishiwe mke, na tumewahi kulisomesha jambo hilo katika darsa za Ramadhani, wakatupongeza waliosikiliza. Hata hivyo ilipita miaka tisa. Mwaka wa kwanza alizaliwa Nasra. Kisha akaja mdogo wake. Kisha korosho zikakosa bei. Mwaka mmoja udhuru ulikuwa ni paa la msikiti, na huo ulikuwa udhuru mtamu kuliko zote, kwani nani atashindana na paa la nyumba ya Allah? Kila mwaka tulisema mwakani inshaallah, mpaka neno hilo tukufu, ambalo mja hulitumia kumkabidhi Mola wake jambo alilolikusudia, likawa kwetu ni namna ya upole ya kusema hapana.

Nasra alikuwa darasa la tatu alipomuuliza mama yake maana ya neno moja la Kiingereza lililokuwa katika kazi yake ya nyumbani. Mama akamwambia amngoje baba. Baba alikuwa katika kikao cha kamati. Tuliporudi saa nne usiku tulimkuta mtoto amelala juu ya daftari, kalamu ingali mkononi.

Asubuhi yake Mama Nasra hakutaja habari ya ahadi. Hajapata kuitaja, si siku hiyo wala nyingine. Alisema tu kwamba shule ya sekondari ya kata imefungua kituo cha elimu ya watu wazima, jioni tatu kwa wiki, na kwamba ada ameshaiulizia na anayo, ameitoa katika mbaazi zake. "Naomba ruhusa, na baiskeli," alisema. Ruhusa tuliitoa papo hapo. Baiskeli ilitusumbua kidogo, maana ndiyo tuliyokuwa tukiendea vikaoni.

Pengine msomaji naye ana mke, dada au binti aliyeishia njiani, basi tuieleze njia yenyewe, kwa kuwa sisi hatukuijua mpaka tulipofundishwa na mwenzetu. Mtu ambaye hakuvuka mtihani wa kidato cha pili huanza na Mtihani wa Maarifa. Akiufaulu, mwaka unaofuata anaweza kujisajili katika kituo na kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, pamoja na wale walio shuleni, karatasi zile zile, siku zile zile. Hakuna mtihani mwepesi uliotungwa kwa ajili ya akina mama. Mama Nasra aliufaulu Mtihani wa Maarifa kwa mara moja, na tukiri kwamba siku ile tulisema alhamdulillahi, tukaendelea kula.

Mwaka wa pili ndio uliotuonyesha kazi aliyokuwa akiifanya. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri akasoma kwa taa ya sola mpaka wakati wa kuswali. Baada ya hapo maji, uji wa watoto, kisha shamba. Shambani alikwenda na daftari ndani ya mfuko wa plastiki, na tulipopumzika chini ya mkorosho yeye alilifungua. Nyuma ya mlango wa jiko aliandika kwa chaki kile alichotaka kukikariri wiki hiyo, akakisoma kila alipoingia na kutoka na sufuria. Alitwanga makopa huku akitaja tarehe za historia, tarehe moja kwa kila pigo la mchi. Mtoto wetu wa pili, kabla hajaanza shule, alijua kwamba Vita vya Majimaji vilianza 1905 na vikaisha 1907, ingawa kuhesabu mpaka ishirini kulikuwa kunampa taabu.

Sisi tulifanya nini? Tulipewa kazi, tukazifanya. Siku za kituo tulisomba maji, na kwa kuwa baiskeli haikuwepo tulisomba kwa kichwa, jambo ambalo tangu utotoni hatukulifanya. Tulifua sare za watoto. Siku tulipoonekana tunaanika sare uani, habari ilifika barazani kabla nguo hazijakauka. Wanaume wa kijijini wana neno moja la kumweleza mume wa namna hiyo: kalishwa limbwata. Kwa heshima ya ukatibu hawakutuambia usoni. Walituuliza tu, kwa upole mkubwa, kama chakula cha nyumbani siku hizi kina ladha ngeni. Tukacheka pamoja nao. Bibi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake mpaka ulipofika wakati wa swala. Hilo pia tumelisomesha darsani. Lakini barazani hatukulisema. Tulicheka, na kicheko kile kilihusika na karatasi ya Ijumaa kuliko tulivyotaka kukubali.

Novemba ikafika na korosho zake. Kwa siku za mtihani Mama Nasra aliondoka gizani, kilomita saba kwa baiskeli, kanga ya pili imefunikwa juu ya daftari kwa kuhofia mvua. Sisi na watoto tukaokota. Wenye uzoefu watajua maana yake: mikono ya mtu mzima mmoja na watoto wawili haiendi na mikorosho iliyokusudia kuangusha. Mama yake mdogo alikuja kusaidia siku tatu bila kuitwa, akawa anaokota na kunung'unika kwamba mwanamke wa miaka thelathini anakwenda kukaa dawati moja na watoto. Kisha jioni akamwuliza mpwa wake maswali yalikuwaje, akataka ayasikie yote.

Siku ya hisabati alirudi kimya. Tukamwuliza.

"Mimi na ile karatasi?" alisema. "Tumeangaliana tu."

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari. Mtandao kijijini petu hupatikana vizuri juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zahanati, na siku hiyo kichuguu kilikuwa na vijana wengi kuliko mchwa. Tukapanda nasi, tukaitafuta namba yake katika orodha ndefu ya namba. Kiswahili, B. Elimu ya Dini ya Kiislamu, B. Historia na Uraia, C. Jiografia, Kiingereza na Baiolojia, D. Hisabati, F. Daraja la tatu. Tuliisoma mara tatu, tukihofu kwamba tumeteleza mstari. Mwanamke aliyepewa F ya hisabati ndiye anayejua, bila daftari, nani ana deni letu la debe la mbaazi tangu mwaka juzi, lakini hayo si ya kumwuliza msahihishaji.

Tulimkuta shambani akipalilia. Hatukumwambia, tulimpa simu asome mwenyewe. Alisoma, akafuta vidole kwenye kanga, akasoma tena. Hakupiga kelele. Alitandika kanga kati ya matuta ya mihogo, akaelekea kibla, akasujudu. Ni sunna iliyothibiti kwamba Mtume (SAW) alipofikiwa na jambo la kumfurahisha alimsujudia Allah (SW) kwa shukrani. Alikaa katika sijda ile muda mrefu. Sisi tulisimama tumeshika jembe lake, mpaka tukakumbuka kwamba kibla si chake peke yake.

Ndipo ikaja Ijumaa ile. Usiku tulipoandika matangazo Mama Nasra alikuwa akishona kifungo cha shati la mtoto karibu na taa, na bila shaka aliona mistari ni mingapi. Hakuuliza. Kwa kawaida yeye si wa kuhudhuria kila Ijumaa, maana kuna watoto na kuna jua. Siku ile alikuja, kavaa baibui lake la Idi, pamoja na mama yake mdogo. Tuliwaona wakiingia mlango wa akina mama, upande wa pili wa pazia.

Tangazo la tano lilikuwa akika ya mjukuu wa mzee mmoja, kwamba mbuzi atachinjwa Jumapili na wote wanakaribishwa. Tukalisoma kwa sauti nzuri. Tulipoinua macho kabla ya la sita, tulikutana na safu ya mbele, na ndani ya safu ya mbele walikuwamo wale wa barazani. Mmoja alikuwa anatabasamu. Huenda alikuwa akimfikiria mbuzi. Sisi tuliisoma ladha ngeni katika tabasamu lile, na mkono ukakunja karatasi.

Nyumbani chakula kilikuwa tayari, kisamvu cha nazi na ugali. Mama Nasra alitunawisha, akapakua, akakaa upande wake. Watoto walikuwa wanagombania kijiko. Baada ya kitambo akasema, kwa sauti yake ya siku zote:

"Baba Nasra, kipaza sauti kipya ni kizuri. Tangazo la mbuzi tumelisikia mpaka mwisho."

Hakusema jingine. Tulimaliza kula kwa sababu kuacha chakula kungekuwa ni kujieleza.

Imamu wetu ni mzee. Hana cheti cha chuo chochote. Alisoma kwa kukaa miguuni mwa masheikh, kitabu baada ya kitabu, na bado hutuita kijana. Jioni ya siku ile tulimwendea, tukitaraji kufarijiwa. Tulimweleza yaliyotokea, kisha tukayapamba: kwamba kumtaja mwanamke mbele ya wanaume kuna mjadala wake, kwamba mtu asionekane anajifakharisha na nyumba yake kwa kipaza sauti cha msikiti, kwamba husuda ipo. Alitusikiliza huku akichambua kunde katika ungo.

"Wewe ndiye uliyesoma chuoni," akasema. "Bibi Hafsa alifundishwa kuandika na nani?"

Tukajibu kwamba alifundishwa na Shifaa bint Abdillah (RA), na kwamba Mtume (SAW) alimwomba mama huyo amfundishe Hafsa kisomo cha kutibu maradhi ya namla, kama alivyokwisha kumfundisha kuandika.

"Na Hafsa alikuwa mke wa nani?"

Tukanyamaza. Hakika hakuhitaji jibu.

"Basi wewe ulikuwa unamwonea haya nani?" Akaendelea na kunde zake. Tulipoaga akatuambia, "Msikiti una kamati. Kama unaogopa kusema peke yako, kaseme kwenye kamati."

Tukapeleka jambo hilo kikaoni siku ya Jumatano, chini ya mengineyo, bila kutaja nyumba ya mtu: kwamba kama tunavyowatangaza vijana waliofaulu, kila Muislamu wa kijiji hiki aliyefaulu mtihani, awe mkubwa au mdogo, mwanamume au mwanamke, atangazwe na kuombewa dua. Bila shaka wote walijua ni nyumba ya nani. Mzee mmoja alipinga, na kwa haki hatuwezi kusema hoja yake ilikuwa nyepesi. Alisema leo ni mitihani, kesho watu watataka watangaziwe pikipiki walizonunua, na msikiti utageuka kuwa mahali pa kujionyesha. Mweka hazina akamkumbusha kwamba mwaka juzi mjukuu wake wa kiume alitangazwa kwa kuchaguliwa kidato cha tano, na yeye mzee akatoa sadaka ya jamvi siku hiyo hiyo. Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akasema jamvi lile lilikuwa zuri. Ikapita. Tuliandika katika muhtasari kwamba pikipiki hazitangazwi.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na tangazo moja tu mbele ya lile. Tuliposimama koo lilikauka, sisi tuliozoea kuhutubia. Tukasoma: Mama Nasra wa kitongoji cha juu, mke wa msomaji wa tangazo hili, aliyeacha shule kwa kumuuguza mama yake, amerudi masomoni na amefaulu kidato cha nne, na msomaji wa tangazo anawaomba waumini radhi kwa kuwa lilichelewa kwa wiki moja, na ahadi yenyewe kwa miaka tisa. Maneno hayo ya mwisho hayakuwemo katika karatasi.

Kabla imamu hajainua mikono kwa dua, kutoka nyuma ya pazia kulilipuka vigelegele. Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watakunja uso hapa, na kwamba huenda mhariri akapata barua. Vigelegele msikitini si adabu, hilo halina ubishi. Lakini aliyevipiga alikuwa bibi wa zaidi ya miaka sabini, aliyeteka maji bondeni ujanani mwake na ambaye hajui kuandika jina lake, na hatukuona katika kamati nzima mtu mwenye moyo wa kwenda kumkemea. Imamu alisubiri mpaka akanyamaza mwenyewe, ndipo akaomba dua, na akaiomba ndefu.

Sherehe tuliifanya Jumapili, ikiwa sherehe ni neno lake. Hatukukodi muziki, wala hatukuchapa kadi. Tulichinja kuku watatu, tukapika wali wa nazi, majirani wakaja na mikeka yao. Watoto wa madrasa walisoma Qur'ani, na mdogo wake Nasra akasimama bila kuitwa akawasomea wageni tarehe za Majimaji. Akina mama walileta walivyoleta: kanga, sabuni, mafuta ya kula. Yule bibi wa vigelegele alileta daftari jipya la kurasa mia na hakueleza sababu. Wa barazani walikuja wote, wakala vizuri. Mmoja wao alituvuta pembeni akatuuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaulizia dawa, kile kituo cha kata kinaandikisha mwezi gani. Ni kwa ajili ya shemeji yake, alisema. Hatukumwuliza ni shemeji yupi.

Mjomba alifika mchana kwa bodaboda, amezeeka, macho hayaoni sawasawa. Alimwita mpwa wake akampapasa kichwa, akamwombea. Kisha akatugeukia sisi.

"Hii ndiyo ile inshaallah?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ilikuwa ndefu," akasema, akaomba maji ya kunawa.

Usiku, wageni walipoondoka na masufuria yakawa yamelowekwa, Mama Nasra alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile ya Ijumaa ya kwanza; aliikuta mfukoni mwa kanzu alipokuwa anafua, akaificha. Tulitaka kuichana. Akakataa, akasema atairudisha ndani ya bahasha atakayowekea cheti kitakapokuja. Ana uhuru wa kufanya hivyo. Tumeshajua tutaiona tena.

Kisha akalivuta daftari letu la mihutasari lililokuwa juu ya meza, akafungua ukurasa mtupu.

"Katika vikao vyenu," akauliza, "jambo lililobaki kutoka kikao kilichopita mnaliitaje?"

"Yatokanayo."

"Basi andika hapo, yatokanayo: hisabati."

Tukaandika, na tarehe tukatia. Kituo ni kile kile, jioni tatu kwa wiki. Baiskeli ni yake Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, na vikao vya kamati tumevihamishia Jumanne.